Usichimbe msingi kabla hujajua maji ya shemeji yanapita wapi

Nunua bluu ya kufulia, paketi mbili. Ukiniuliza mimi, hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kuongeza vyumba kwenye nyumba ya zamani, kabla ya simenti, kabla ya nondo, kabla hata ya kumpigia fundi simu. Mimi nilianza na fundi. Bluu niliinunua miezi mitano baadaye, nikiwa nimeshika pua.

Nyumba yangu iko Mwanga, Kigoma, upande wa mteremko. Kiwanja kilikuwa cha baba mkwe. Alipofariki kiligawanywa: sehemu ya juu akapewa shemeji yangu, ya kati tukabaki nayo sisi, ya chini ikauzwa kwa familia ya Mama Mapacha. Siku ya kugawa kulikuwa na wazee, mkanda wa kupimia na mwenyekiti wa mtaa. Ardhi iligawanywa hadi kwenye mzizi wa mwembe. Bomba la maji machafu hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu halionekani. Baba mkwe alilaza bomba moja la inchi nne kutoka juu hadi chini, na shimo la kupokea uchafu wote akalijenga kule bondeni, ambako leo ni uani kwa Mama Mapacha. Kwa hiyo maji ya shemeji yanapita chini ya ua wangu, yanachukua na ya kwangu, yote yanaishia kwake yeye ambaye hata hakuwa ndugu.

Mimi nikataka vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, kila kimoja na choo chake ndani. Fundi akachimba msingi Jumamosi asubuhi, sururu ikapita katikati ya bomba. Alilifunga kwa mfuko wa nailoni na vipande vya bomba kuukuu, akamwaga zege juu, akaniambia, "Mwalimu, hilo limekwisha." Baada ya masika ya kwanza jamvi, yaani sakafu ya zege, la chumba kipya lilianza kutoa unyevu na harufu, na bafuni kwa Mama Mapacha maji yakawa yanarudi juu kila shemeji anapofua. Tulivunja jamvi. Fedha niliyotenga kwa mabati iliingia ardhini. Ninayoandika hapa ni mambo niliyopaswa kuyafanya kabla, kwa mpangilio ambao ningeufuata leo.

Anza kwa kutafuta bomba linapita wapi. Usimwamini mtu anayekuonyesha kwa kidole, hata awe ndiye aliyelichimbia. Funua vifuniko vya chemba zote unazozijua, yaani visima vidogo vya kukagulia bomba, vyako na vya majirani, kwa ruhusa yao, asubuhi mapema kabla watu hawajaanza kuosha vyombo. Mtoto mmoja akae kwenye kila chemba, kwa mbali kidogo. Koroga bluu kwenye ndoo ya lita 20, imwage chooni kwa nyumba ya juu kabisa, kisha ndoo mbili za maji safi nyuma yake. Andika dakika bluu inapoonekana katika kila chemba. Rudia kwa bafu, kwa karo la jikoni, kwa nyumba ya kati. Hapo ndipo nilipogundua kwamba karo la jikoni kwangu halikuwa limeunganishwa kwenye bomba hilo hata kidogo. Lilikuwa linamwagika kwenye shimo la mawe chini ya mpapai. Miaka kumi na minane naosha vyombo humo na sikujua.

Kati ya chemba na chemba, usidhani bomba limenyooka. Ingiza fito refu la mwanzi au bomba jembamba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lisukume mpaka likwame, liwekee alama, litoe ulipime. Likikwama mita sita kutoka kwenye chemba, basi pima mita sita hizo juu ya ardhi: chini ya hapo kuna kona, au mizizi, au tope. Chimba kashimo kadogo kwa jembe la mkono, taratibu, mpaka ulione bomba lenyewe. Usimpe sururu kijana wa kibarua kwa kazi hiyo.

Sasa onyo ambalo silifanyii mzaha. Chemba ndogo za kupitishia maji unaweza kuinamia na kuangalia. Shimo kubwa la kuhifadhi uchafu usiliingie, usimruhusu mtu aliingie, hata kama lina tope kidogo tu na hata kama kilichodondoka humo ni simu. Hewa ya humo inaua mtu kabla hajapiga kelele, na anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Wala usiwashe kiberiti mdomoni mwake ili uone vizuri. Hewa hiyo inawaka.

Ukishalijua bomba, chora. Karatasi ya daftari la hesabu yenye visanduku inatosha, kila kisanduku nusu mita. Weka nyumba, mipaka, miti, chemba, kona. Halafu pima vina, maana ramani isiyo na kina ni picha ya ukutani. Katika kila chemba shusha rula ndefu au fito kutoka usawa wa kifuniko mpaka sakafu ya bomba. Tofauti ya ardhi kati ya chemba mbili ipime kwa mpira wa maji, ule ule mafundi wanaousawazishia msingi.

Nitatoa vipimo vyangu, wanafunzi wangu wa zamani wataniwia radhi. Chemba ya mpakani kwa shemeji: kina sentimita 40. Chemba ya mpakani kwa Mama Mapacha: kina sentimita 55. Umbali kati yao mita 14. Mpira wa maji ukaonyesha kuwa ardhi inashuka sentimita 60. Basi bomba linashuka 60 jumlisha 15, yaani sentimita 75 katika mita 14, kama sentimita 5.4 kwa kila mita. Bomba la inchi nne linahitaji angalau sentimita 2.5 kwa mita ili uchafu usogee pamoja na maji. Kwa hiyo nina ziada. Na ziada hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu bomba likizungushwa nje ya vyumba vipya njia inakuwa mita 19 badala ya 14. Gawanya 75 kwa 19: inakuja karibu sentimita 3.9. Bado linapita. Mwenye kiwanja tambarare, kama wale wa Ujiji karibu na ziwa, akifanya hesabu hiyo hiyo huenda akakuta hana nafasi ya kuzungusha hata mita mbili. Afadhali alijue hilo kwenye daftari kuliko kwenye zege.

Ukiwa na mchoro mkononi, nenda kwa watu. Wengi wetu tunakosea mpangilio: tunakwenda kwanza kwa wa juu kwa sababu ni ndugu. Nenda kwanza kwa wa chini. Wa juu akikosana na wewe atakununia. Wa chini ndiye atakayeamka na kinyesi bafuni. Nilipokwenda kwa Mama Mapacha mara ya pili, safari hii na mchoro, sikumwambia "nataka kujenga." Nilimwambia, "Mama Mapacha, nimekuja tuangalie maji yanavyokuja kwako." Aliniletea kiti, akaniambia neno ambalo nililistahili: "Mwalimu, mara ya kwanza ulijenga kama vile huku chini hakuna watu."

Kwa shemeji mazungumzo yalikuwa mafupi kwa namna nyingine. Yeye alisema bomba ni la baba, haliulizwi. Nikamjibu, "Shemeji, bomba ni la baba, lakini sabuni ni ya kwako." Akacheka, tukaendelea. Msimamo wangu ni kwamba bomba linalopokea maji ya nyumba tatu ni la nyumba tatu, hata kama liko chini ya ua wa mmoja. Hulifungi, huliziba, hulihamishi bila wenzako kujua siku na namna. Na wao hawawezi kukukatalia kujenga kwenye eneo lako ikiwa umelihamisha vizuri kwa gharama yako.

Andikeni. Sisi tuliandika ukurasa mmoja kwa mkono: bomba linapita wapi kwa vipimo kutoka kona za nyumba, nani anasafisha kipande kipi, gari la kunyonya uchafu likiitwa nani analipa kiasi gani, kila mmoja ana ruhusa ya kuingia kwa mwenzake kufungua chemba akitoa taarifa, na atakayeongeza vyumba atawaambia wengine kabla. Tulisaini mbele ya mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, nakala nne. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya kupitisha huduma kwenye ardhi ya mwingine, na haki hiyo inaweza kusajiliwa kwenye hati. Ukiwa na hati na unaogopa kwamba jirani atauza kesho kwa mtu asiyekujua, isajili. Mkishindwana kabisa, mlango wa kwanza ni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kupatanisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kibali cha ujenzi cha manispaa kinahitajika hata kwa kuongeza vyumba, usidanganywe kwamba nyumba ya zamani ina chake. Peleka mchoro ukiwa na bomba ndani yake. Michoro mingi inayopelekwa haina, na afisa afya akiuliza maji yanakwenda wapi, mwenye nyumba anaangalia dari.

Kuna njia nne za kuishi na bomba lililokutangulia. Ya kwanza, kurudisha chumba nyuma kisiliguse. Ya pili, kulizungusha. Ya tatu, kujenga juu yake kwa namna isiyolibana. Ya nne, kujitoa na kuwa na shimo lako. Mimi nilifanya ya pili kwa sehemu kubwa na ya tatu mahali pamoja.

Kuzungusha: kila bomba linapokata kona jenga chemba, na pawe na chemba kila maji ya nyumba yanapoingia kwenye bomba kuu. Usikubali kona ya mraba iliyofukiwa. Kona mbili za digrii 45 zilizoachana ni bora kuliko moja ya 90, kwa sababu kitambaa na mifupa ya migebuka hukwama pale maji yanapogonga ukuta. Ndani ya chemba sakafu isiwe bapa. Fundi aichonge mfereji wa nusu bomba katikati, na kingo ziinamie humo, la sivyo uchafu utapanda pembeni ukae. Vifuniko vyote viwe nje ya vyumba, mahali mtu anaweza kusimama na fito. Nimeona chemba imefunikwa kwa vigae sebuleni. Siku yake ikifika, makochi yatatoka nje.

Kupita chini ya ukuta: msingi usiliegemee bomba. Acha uwazi kwenye msingi, weka linta, yaani boriti ya zege na nondo, juu ya uwazi, bomba lipite humo likiwa na nafasi ya sentimita tano hivi kila upande, halafu uzibe mdomo wa uwazi kwa kitu laini ili panya na udongo visiingie. Jumba likishuka kidogo, kama nyumba zote zinavyoshuka, bomba halivunjiki. Na kama bomba linapita sambamba na msingi, karibu, tena chini zaidi ya msingi, msingi ushuke mpaka usawa wa sakafu ya bomba. Ukiacha mtaro wa bomba ubavuni mwa msingi mfupi, udongo utakimbilia mtaroni na ukuta utaufuata.

Njia ya nne wengi wanaipenda kwa sababu hakuna kuomba mtu. Ila shimo jipya linataka nafasi: mbali na msingi wa nyumba, mbali na mpaka, na kwa kisima cha mtu yeyote, mita 30 ndiyo kanuni ninayoifuata. Kwenye viwanja vyetu vya Mwanga ukiondoa hayo yote unabaki na nafasi ya kuanikia nguo. Walio kando ya ziwa wana tatizo lao: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na ziwa lilipopanda miaka ile ya 2020 na 2021, maji yalionyesha sababu yake. Shimo ambalo maji ya ardhini yako karibu na sakafu yake halinyonyi kitu, linaelea tu.

Tuje kwenye ujazo, maana kuhamisha bomba si kazi yote. Vyumba viwili vina watu. Shimo la baba mkwe ndani lina urefu wa mita 2, upana 1.2, na kina cha maji 1.5: lita 3,600. Kabla yangu lilihudumia watu 13. Wapangaji wanne wakija ni 17. Mtu mwenye choo cha maji na bafu nampa lita 60 kwa siku, jumla 1,020. Theluthi ya shimo ikiwa tope, zinabaki lita 2,400, kama siku mbili na theluthi. Kwa shimo la kutuliza uchafu hiyo inatosha. Kilichoshindwa kwetu ni shimo la pili kule bondeni, la mawe, la kunyonyea maji yanayotoka kwenye hilo la kwanza. Udongo wetu mwekundu ukishalowa masika unanyonya kwa kusitasita, na tope lililokwisha kupita miaka ya nyuma limeshaziba kuta zake. Kwa hiyo nililipia shimo la kunyonyea la nyongeza uani kwa Mama Mapacha. Ndiyo, kwake. Mimi ndiye niliyeongeza watu. Gari la kunyonya tunachangia kwa vichwa, si kwa nyumba, na hilo lilimfurahisha zaidi ya zawadi yoyote ambayo ningempelekea.

Kuhusu jikoni nina neno kwa wenzangu wa Kigoma, maana mafundi kutoka kwingine hawalijui. Mawese. Yakiwa ya moto ni maji. Yakifika kwenye bomba la baridi chini ya ardhi yanaganda kama sabuni, yanashika majivu ya kusugulia sufuria na magamba ya dagaa, na baada ya mwaka una jiwe la rangi ya chungwa ndani ya inchi nne. Nilipounganisha karo langu kwenye bomba la pamoja nilijenga kwanza kinasa mafuta: chemba ndogo yenye ukuta katikati unaoacha nafasi chini, maji yanapita chini, mafuta yanabaki juu yameganda. Unayakwangua kila wiki mbili. Mpangaji asiyetaka kukwangua, namwonyesha lile jiwe. Nimelihifadhi kwenye kopo.

Maji ya mvua yasiingie humo kamwe. Paa la vyumba vyangu ni mita 6 kwa 4, yaani mita za mraba 24. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu inaweza kushuka alasiri moja ya Machi, inateremsha lita 720 kutoka kwenye paa hilo peke yake. Ukizitupa kwenye bomba la uchafu umelisukuma tope lote la shimo kwenda kwenye kuta za kunyonyea. Ukiziachia ardhini kwenye mteremko zinachimba korongo kuelekea ukuta wa jirani. Weka gata, simtanki, na kinachofurika kiende kwenye mtaro wa barabara, si mpakani. Simtanki langu ni la lita 1,000 na wapangaji wanafulia maji yake.

Siku ya kubadilisha bomba chagua kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Waambie wa juu jana yake na tena asubuhi: hakuna kumwaga maji mpaka saa kumi jioni; wajaze ndoo, wapike mapema. Bomba jipya lilazwe lote kwanza, kuanzia chini kwenda juu, juu ya mchanga, si juu ya mawe. La zamani linakatwa mwisho. Kabla ya kufukia, ziba mdomo wa chini kwa mpira na matambara, jaza maji mpaka chemba ya juu, subiri nusu saa uone kama yanashuka. Fundi atasema haina haja. Mwambie asubiri na wewe, mchemshie chai. Piga picha bomba likiwa wazi na mkanda wa kupimia kando yake, mtumie kila jirani picha hizo kwenye simu. Bomba la zamani usiliache tupu chini ya chumba. Lijaze zege laini au lichimbue, vinginevyo litakuwa nyumba ya panya.

Mvua za kwanza za Oktoba zilipokuja nilitoka na mwavuli, nikamwaga paketi ya mwisho ya bluu kwa shemeji, nikateremka. Mama Mapacha alikuwa ameshafunua kifuniko chake mwenyewe, pacha mmoja mgongoni. "Mwalimu, hiyo hapo," akasema, "na ya mvua sioni." Nikaandika dakika kwenye daftari: nne.